Kurefusha Mashine ya Nakshi: Pima Kwanza, Kata Chuma Baadaye

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mafundi seremala, wanafunzi wa ufundi na wakazi wa Lamu



Mazungumzo haya ni ya mafundi wa mbao, lakini yanamhusu pia mkazi anayejenga nyumba, anayekarabati baraza ya zamani, au mwenye kijana anayejifunza useremala. Jambo lenyewe ni mashine ndogo ya nakshi inayotakiwa kufanya kazi kubwa kuliko ile iliyoundiwa.

Chukua mfano huu. Mteja anafika karakana akiwa na picha ya nguzo ya baraza. Anataka nguzo nne, kila moja iwe na urefu wa mita 2.4 na unene wa sentimita 20, zenye nakshi ya msokoto kama kamba. Fundi anaitazama mashine yake. Inashika mti wenye urefu wa sentimita 90 na unene wa sentimita 7.5. Kwa matendegu ya kitanda, miguu ya meza na vijiti vya ngazi, inatosha kabisa. Nguzo ya baraza haiingii.

Hapo fundi ana njia tatu. Anaweza kumwambia mteja aende Mombasa, na kazi ikaondoka pamoja na malipo yake. Anaweza kukubali, akapokea arubuni, kisha akaanza kuhangaika. Au anaweza kukaa chini, akapima, na kuamua kama mashine inaweza kurekebishwa. Njia ya pili ndiyo inayoumiza watu wengi: mbao inaharibika, mteja anakasirika, na mara nyingine mkono wa fundi au wa mwanagenzi wake unaingia hatarini.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kazi ya mbao ni sehemu ya sifa yake. Nguzo, milango na vitanda vya nakshi bado vinatafutwa. Ni hasara kazi hiyo kuondoka kwa sababu ya mashine iliyopungua mita moja na nusu.

MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Watu wengi huchanganya mashine ya nakshi na lethi, yaani mashine ya kawaida ya kukereza. Tofauti yake ni kubwa, na usalama wote wa kazi hii umesimama juu ya tofauti hiyo.

Katika lethi, mti ndio unaozunguka kwa kasi, na fundi anashika patasi kwa mkono. Katika mashine ya nakshi, mti unazunguka polepole sana kwa mkono wa kuzungushia. Kinachozunguka kwa kasi ni biti ya rauta, ambayo imefungwa juu ya gari dogo linalotembea kwenye reli mbili. Mkono unazungusha skrubu ndefu inayosukuma gari. Skrubu hiyo imeunganishwa kwa cheni au gia na kichwa kinachoshika mti. Kwa hiyo gari likitembea, mti nao unageuka kidogo, na biti inachora msokoto. Cheni ikifunguliwa, mti unasimama na biti inachora mfereji ulionyooka kutoka ncha hadi ncha.

Wazo hili si jipya. Huko Marekani, kampuni ya Sears iliwahi kuuza kifaa kidogo cha aina hii cha kufungiwa rauta, kilichokuwa kikishika mti wa inchi 36 kwa inchi 3. Baadaye kampuni ya Legacy ya jimbo la Utah ikaunda mashine kubwa na nzito zaidi kwa kazi hiyo hiyo. Mafundi wa karakana ndogo nao wamejiundia za kwao kwa chuma cha kawaida, beringi na vipuri vya cheni.

Kwa kuwa mti unazunguka polepole, mashine ya nakshi inaweza kupanuliwa kwa hatari ndogo kuliko lethi. Nguzo ya sentimita 20 ikizungushwa kwenye lethi mara 1,000 kwa dakika, ngozi yake inakwenda zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Ikichomoka kwa kasi hiyo, hakuna mkono wa kuizuia. Kwenye mashine ya nakshi, nguzo hiyo hiyo haimalizi mizunguko mitatu kwa dakika.

JE, NI LAZIMA KUIREFUSHA?

Swali hili lijibiwe kabla ya chuma kununuliwa. Ikiwa tatizo ni urefu pekee, nguzo inaweza kutengenezwa vipande vipande. Vipande vitatu vya sentimita 80 vinaunganishwa kwa ulimi na tundu, na kila kiungo kinafichwa chini ya pete iliyokerezwa. Njia hii ni nzuri kwa pambo. Haifai kwa nguzo inayobeba paa au roshani, isipokuwa mtu anayejua mambo ya ujenzi amekubali namna ya kuiimarisha.

Katika mfano wa hapa, kuunganisha hakusaidii, kwa sababu unene pia umezidi. Kipande cha sentimita 80 kitaingia kwa urefu, lakini sentimita 20 za unene haziingii mahali pa sentimita 7.5.

Njia nyingine ni mkono. Fundi anazungushia nguzo ukanda wa karatasi, anachora mstari wa msokoto, kisha anachimba kwa msumeno, patasi na tupa. Kazi ni polepole, lakini haihitaji kukata mashine. Ikiwa oda ya nguzo kubwa huja mara moja kwa miaka miwili, mkono ni nafuu. Ikiwa wateja watatu au wanne wamerudishwa mwaka huu, basi mashine ifikiriwe.

KUONGEZA UREFU

Mwenye haraka hununua reli ndefu na skrubu ndefu, anafunga, na kudhani kazi imekwisha. Reli ndefu hupinda. Reli iliyoshikwa ncha mbili tu, ikibebeshwa mzigo uleule katikati, hupinda kwa kipimo cha urefu uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Reli ya mita 1.2 ikibadilishwa kuwa ya mita 3 yenye unene uleule, urefu umeongezeka mara 2.5. Kupinda kunaongezeka 2.5 × 2.5 × 2.5, yaani karibu mara 16.

Maana yake ni hii: kama zamani gari la rauta lilishusha reli kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, sasa litaishusha zaidi ya milimita moja na nusu. Jicho halioni reli ikishuka, lakini linaona mfereji ulio wa kina kirefu katikati ya nguzo na wa kina kifupi kwenye ncha.

Dawa yake ni kuilaza reli juu ya boriti ya chuma au ya mbao ngumu kavu, na kuishikilia kutoka chini kila baada ya sentimita 60. Gari litembee juu ya reli na lisiguse vishikizo hivyo.

Ikiwa fundi anaunga fremu ya zamani na kipande kipya, viungo vya pande mbili visikae mstari mmoja. Kiungo cha kushoto kiwe mbali na cha kulia, na kila kimoja kifunikwe kwa bamba linalopita sentimita 30 kila upande. Bolti ni bora kuliko kuchomelea, kwa sababu bolti hulegezwa na kurekebishwa. Kuchomelea huvuta chuma upande mmoja. Kama hakuna budi, fundi achome vidoti vidogo, upande huu kisha upande ule, aache vipoe, apime tena ndipo amalizie.

Skrubu ndefu nayo hulegea katikati na kuanza kupiga. Ivutwe kidogo kwa nati kutoka ncha zote mbili, na iwekewe vishikizo viwili au vitatu vinavyoweza kutolewa gari linapofika na kurudishwa likishapita. Nati iliyo ndani ya gari ipewe nafasi ndogo ya kucheza juu na chini, isije ikainua gari mahali skrubu ilipopinda.

Jambo la mwisho la urefu ni chumba. Mashine ya kushika mti wa mita 2.5 inafikia zaidi ya mita 3 ikihesabiwa vichwa vyake. Lazima pia iwepo njia ya kuingiza nguzo bila kuipitisha juu ya kichwa cha mtu. Katika karakana zilizobanana za mitaa ya zamani, mlango na kona ya ukuta vipimwe kwanza.

KUONGEZA UNENE

Fundi akisikia sentimita 20 hufikiri kwamba nafasi ya sentimita 10 kutoka katikati ya ncha inatosha. Inatosha kwa mti ambao tayari ni mviringo. Mti wa mraba wa sentimita 20 una sentimita 28.3 kutoka kona hadi kona. Ukifungwa hivyo, kona zitagonga fremu kabla rauta haijawashwa.

Kwa hiyo kona zikatwe kwanza, mti uwe na pande nane. Kwa mraba wa sentimita 20, fundi apime milimita 59 kutoka kila kona kwenye kila uso, apige mistari, kisha akate kwa msumeno au randa. Kutoka kona hadi kona zitabaki sentimita 21.6. Hapo nafasi ya sentimita 12 kutoka katikati ya ncha inatosha, na biti haichoshwi kwa kula mbao ambayo msumeno ungeitoa kwa dakika chache.

Kupata nafasi hiyo, ama reli ziinuliwe, ama vichwa vinavyoshika mti vishushwe. Kushusha vichwa ni bora pale fremu inaporuhusu, kwa sababu reli zikikaa juu ya miguu mirefu hutikisika. Kama ni lazima kuziinua, kila mguu uwekewe mshazari wa chuma pande mbili. Fundi akishika gari na kulisukuma kwa nguvu kando, lisicheze.

Biti ya rauta lazima ipite juu kabisa ya mstari wa katikati ya mti. Ikikaa kando kidogo, upande mmoja wa mfereji utakuwa mwinuko na mwingine utalala. Kwenye mguu wa meza kosa hilo hufichika, lakini kwenye nguzo nene litaonekana kutoka barabarani.

UZITO NA KUSHIKA MTI

Mguu wa meza wa sentimita 90 kwa 7.5, ukiwa wa mti mkavu wa kilo 640 kwa mita moja ya ujazo kama mvule, una uzito wa kilo 2.5 hivi. Nguzo ya mita 2.4 kwa sentimita 20, ya mti huohuo, ina kilo 48. Mzigo umeongezeka karibu mara 19. Mti mbichi ni mzito zaidi ya hapo, na tena utapasuka ukikauka baada ya nakshi kumalizika. Mwarobaini na miti mingine inayotumiwa sana pwani nayo iachwe ikauke vizuri kabla ya kufungwa kwenye mashine.

Kila ncha inabeba kilo 24 kabla rauta haijaanza kusukuma. Ncha nyembamba iliyotosha mguu wa meza haitoshi hapa. Kichwa cha mbele kiwe na beringi mbili za kiti na mtaimbo mnene. Bamba la chuma lifungwe kwenye uso wa mti kwa skrubu nne ndefu, si kwa msumari wala gundi peke yake. Mti uachwe na sentimita 5 za ziada kila upande, zikatwe mwishoni pamoja na matundu yake.

Nguvu ya kugeuza nayo imeongezeka. Biti inayosukuma kwenye uso ulio sentimita 10 kutoka katikati inageuza mti kwa nguvu mara 2.7 kuliko ikisukuma sentimita 3.75 kutoka katikati. Pini ndogo iliyoshikilia mti zamani inaweza kukatika, na mfereji ukaruka katikati ya kazi.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Nguzo nene haipindi sana kwa uzito wake. Nguzo ya sentimita 20 iliyoshikwa ncha mbili hushuka katikati takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kijiti cha sentimita 4, chenye urefu uleule wa mita 2.4, hushuka karibu milimita 3. Kwa hiyo anayerefusha mashine ili atengeneze vijiti vyembamba virefu ndiye anayehitaji zaidi kishikizo cha katikati: kiti cha mbao ngumu chenye umbo la herufi V, kilichopakwa nta, kinachobeba mti kutoka chini karibu na mahali biti inapokata. Kwa nguzo nene, kishikizo hicho ni cha usalama: ncha ikiachia, mti unaanguka sentimita moja, hauangukii miguu ya fundi.

MSOKOTO NA HESABU YA GIA

Tuseme mashine ya zamani ina skrubu inayosogeza gari milimita 6 kwa mzunguko mmoja, na skrubu inazunguka mara 20 mti unapozunguka mara moja. Msokoto mmoja kamili unachukua milimita 120. Kwa mguu wa sentimita 7.5 huo ni msokoto mzuri.

Gia hizo zikiachwa kwenye nguzo ya sentimita 20, mifereji itasongamana na kulala karibu kama pete. Nguzo itafanana na skrubu kubwa, wala haitafanana na kamba. Ili sura ibaki ileile, msokoto lazima urefuke kwa kadiri unene ulivyoongezeka: 20 gawanya kwa 7.5 ni 2.67, na milimita 120 mara 2.67 ni 320.

Skrubu ya milimita 12 kwa mzunguko, ikiunganishwa na gia za kupunguza mara 27, inatoa milimita 324. Hiyo ni karibu kabisa. Kupunguza mara 27 kunapatikana kwa jozi tatu za cheni, kila jozi yenye meno 14 yanayozungusha meno 42: mara 3, mara 3 tena, mara 3 tena. Vipuri vya cheni vya pikipiki vinaweza kusaidia, mradi meno yahesabiwe na vishikwe imara kwenye mtaimbo. Gia ya baiskeli inayoachia ikirudi nyuma isitumike.

Kwa nini skrubu ya milimita 12 na si ile ya 6? Kwa sababu ya mkono wa fundi. Kwa milimita 12, kupita nguzo ya mita 2.4 ni mizunguko 200 kwenda na 200 kurudi. Msokoto wa mifereji minne, kila mmoja ukikatwa kwa awamu tatu, ni mizunguko 4,800. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, ni dakika 80 za kuzungusha kwa nguzo moja. Kwa skrubu ya milimita 6 ni dakika 160. Bei ya kazi lazima ihesabu muda huo.

Kukata kufanywe wakati wa kwenda tu. Wakati wa kurudi rauta iinuliwe. Cheni zote zina ulegevu kidogo, na anayekata kwenda na kurudi ataona mifereji miwili pale alipotaka mmoja.

Ili mifereji minne igawanyike sawa, bamba lenye matundu 24 lifungwe kwenye kichwa cha mbele. Mfereji wa kwanza ukimalizika, mti ugeuzwe matundu 6. Bamba hilohilo hutoa mifereji 2, 3, 4, 6, 8 au 12.

JARIBIO KABLA YA MBAO YA MTEJA

Mbao ya mteja isiwe ya majaribio. Kwanza, uzi mwembamba wa kuvulia uvutwe kutoka ncha ya kichwa cha mbele hadi ncha ya kichwa cha nyuma, na urefu kutoka reli hadi uzi upimwe kila baada ya sentimita 30. Kichwa cha nyuma kikiwa chini kwa milimita 2, nguzo itatoka na ncha moja nene kuliko nyingine kwa milimita 4.

Pili, pimamaji iwekwe kukata reli mbili mwanzoni, katikati na mwishoni. Ikiwa kipovu hakikai mahali pamoja mara zote tatu, fremu imejipinda, na karatasi za bati ziwekwe chini ya mguu unaohusika.

Tatu, mti wa bei nafuu, kama mvinje au mti wa zamani uliotolewa kwenye dari, ufungwe na kukatwa mfereji mmoja ulionyooka wa kina cha milimita 3. Kina hicho kipimwe sehemu tano. Tofauti ikizidi nusu milimita, kazi ya fremu haijaisha. Mti huo ukaguliwe misumari kwanza, kwa maana biti ikigonga chuma huvunjika na kuruka.

USALAMA WA FUNDI NA MWANAGENZI

Mkono wa kuzungushia usibadilishwe kwa mota ya kasi. Mtu anayechoka huona mota kama rafiki, lakini upole wa mzunguko ndio ulinzi wa mashine hii. Kama mota lazima itumike, iwe ya kasi ndogo sana, yenye swichi kubwa ya kuzimia inayofikiwa kutoka ncha zote mbili za mashine.

Biti kubwa iendeshwe kwa kasi ndogo. Rauta nyingi huanzia mizunguko 8,000 au 10,000 kwa dakika na kupanda hadi zaidi ya 20,000. Biti yenye upana wa zaidi ya sentimita 5 ibaki karibu na kasi ya chini. Rauta iliyoletwa kutoka Marekani kwa umeme wa volti 120 isichomekwe kwenye umeme wa Kenya wa volti 240 bila transfoma inayoiweza.

Cheni na gia zifunikwe. Kanzu, kikoi kinachoning'inia, leso, mikono mirefu ya shati na glavu visikaribie mashine. Nguzo ya kilo 48 ibebwe na watu wawili au zaidi, na yeyote asiweke mkono chini yake kichwa cha nyuma kikiwa hakijakazwa.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa inayobana vizuri, miwani, vizibo vya masikio na dirisha lililo wazi ni gharama ndogo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizingirwe, na haibagui karakana ndogo. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Mwenye karakana aliyejiundia mashine hawezi kusema kosa ni la kiwanda. Yeye ndiye kiwanda.

HESABU YA MWISHO

Fundi aandike kwenye daftari: chuma, beringi, cheni, skrubu, biti mpya, na siku ambazo mashine itakuwa imefunguliwa na haizalishi. Kisha aandike idadi ya nguzo anazotarajia kwa kweli, si kwa matumaini. Agawanye gharama kwa nguzo hizo na kuongeza kiasi hicho kwenye bei. Ikiwa bei hiyo inamkimbiza mteja, mashine isikatwe. Mafundi wawili au watatu wa mtaa mmoja wanaweza pia kuchanga na kuwa na mashine moja ndefu, wakapangiana siku.

Vipande vyote vya zamani vihifadhiwe na kuandikwa alama. Kazi ya matendegu na miguu ya meza ndiyo inayolisha karakana kila wiki, na mashine iweze kurudishwa ilivyokuwa.

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha ufundi kilichosajiliwa na chenye mashine inayofanya kazi kwa vipimo kina nafasi ya kuomba kazi hizo. Wanaohitaji maelezo ya usajili waulize katika ofisi ya wadi yao. Vyuo vya mafunzo ya ufundi viko chini ya serikali za kaunti, na fundi mwenye mchoro wa mashine yake anaweza kuomba mwalimu wa chuo kilicho karibu auangalie kabla chuma hakijakatwa.

Na yule mteja wa nguzo nne? Fundi mwenye busara hampi jibu siku ileile. Anaomba wiki moja, anapima mashine, anapima chumba, anapiga hesabu, kisha anampa bei na tarehe anayoweza kuitimiza. Haraka haraka haina baraka, na mbao iliyokatwa vibaya hairudi kuwa mti.